Jumanne ya Kuzima Umeme

Nikiulizwa nafanya kazi gani hapa Johannesburg husema mimi ni meneja wa miradi, na wengi huitikia kwa adabu kisha hubadilisha mazungumzo. Siku hizi cheo nimekiacha, naeleza kazi yenyewe: nalipwa kuwakutanisha watu wasiotaka kuonana, na kuhakikisha hawaachani kabla hawajakubaliana jambo moja. Hapo wanaelewa. Shemeji yangu mmoja aliniuliza kama basi mimi ni mshenga. Nilimwambia mshenga ana raha zake, yeye hushughulika na familia mbili tu.

Kazi hiyo naijua. Sijisifu, ila sioni kwa nini nijifanye siijui. Nilitoka Nairobi nikiwa bado sina hata mvi moja, nikaingia benki kule Sandton, nikaendesha miradi iliyokuwa na wakubwa wengi kuliko wafanyakazi. Nimeketi mezani na wanaume walionisikia nikiuliza swali kisha wakamjibu msaidizi wangu, kwa kuwa yeye alivaa tai. Niliwaacha wamalize kumjibu. Halafu niliwauliza tena swali lilelile, polepole, mpaka mmoja wao akanigeukia. Baada ya siku hiyo hatukusumbuana. Mdomo ninao tangu utotoni, na subira nimeipata ukubwani, na kwa hivyo viwili bado sijaona mradi wa kunitoa jasho.

Nilipoacha benki na kuanza kufanya kazi kwa mkataba, mradi wa kwanza niliopewa peke yangu ulikuwa jengo kuukuu la ghorofa nane pale Marshalltown. Zamani lilikuwa la ofisi za bima. Sasa chini kulikuwa na duka la jumla la mablanketi, juu yake saluni za wasusi, kisha ofisi ndogo ndogo za watu wa kusafirisha mizigo, ghorofa ya saba mafundi wa nguo, na ghorofa ya nane, pale wakubwa wa bima walipokuwa wakila chakula chao cha mchana, kanisa la Wakongo. Nyaya zilikuwa za siku nyingi, na kabati kuu la umeme kule chini ya ardhi lilikuwa na joto hata ukilikaribia tu. Mwenye jengo alikuwa amepewa notisi: abadilishe kabati na nyaya zote zinazopanda hadi juu, mkaguzi aje athibitishe kabla mwezi haujaisha, la sivyo jengo zima likatwe umeme. Na likikatwa, kila mtu mle ndani afungashe virago. Nani atasuka nywele gizani?

Mafundi wangu walikuwa wameandaa kila kinachoweza kuandaliwa umeme ukiwaka. Ilibaki siku moja ya kuzima jengo lote tangu asubuhi, kung'oa kabati la zamani, kuweka jipya, na kuunganisha ghorofa moja baada ya nyingine kutoka chini kwenda juu, ili alasiri mkaguzi apime. Siku moja tu. Niliitisha mkutano wa wapangaji tuichague, nikadhani tutamaliza kabla chai haijapoa.

Wacha wee. Wasusi walisema Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi tusizitaje kabisa, hizo ndizo siku zinazowalisha. Mchungaji akasema Jumapili ni ya Bwana, Jumatano ni maombezi, na Ijumaa, kama wasusi wangetuachia, ni mkesha. Mwenye mablanketi akasema Jumatatu wachuuzi wake wanatoka mbali kuja kujaza mzigo, na akasimama kabisa kulisema hilo, mkono kifuani. Nikauliza Jumanne. Kila mtu akaanza kutafuta sababu. Niliona wanazitafuta.

Aliyekata mzizi wa fitina alikuwa mwenyekiti wa wapangaji, mama wa Bukavu mwenye chumba cha kushonea ghorofa ya saba. Nguo za arusi ndizo zilizomlisha yeye na wasichana waliomfanyia kazi. Alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ndiyo iliyoongoza kwaya kule juu.

"Mwenye hataki Jumanne aseme sasa," alisema, "na aseme siku yake ni gani."

Hakuna aliyesema. Tukaandika Jumanne.

Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Kiswahili chake cha Kivu na changu cha Nairobi vilichekana sana mwanzoni, kisha vikazoeana. Aliniita yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa. Nina hakika ananizidi miaka, lakini alikataa katakata kuniambia alizaliwa lini, na mimi sikumwambia pia. Alipenda kunichokoza kwamba sisi Wakenya hatuwezi hata kunywa maji bila kuitisha mkutano. Nilimwambia bila mikutano yangu angekuwa anashona kwa mshumaa. Kila nilipopita jengoni alinipimia kitu mwilini kwa ile tepu yake, akitikisa kichwa kwa jinsi ninavyovaa.

Jumamosi, kabla ya Jumanne yenyewe, nilikuwa nimesimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, simu ikalia. Alikuwa mmoja wa wasichana wake. Mama mzazi wa rafiki yangu amefariki Bukavu, na mazishi ni Jumanne asubuhi.

Niliegesha gari pembeni. Nakiri kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa ile siku, Jumanne, na baadaye ndipo nikamfikiria mwenye kufiwa. Alikuwa hawezi kwenda. Karatasi zake za ukimbizi ndizo zilizomruhusu kuishi hapa, na mwenye karatasi zile akirudi kule alikokimbia, huku hapokelewi tena. Kwa hiyo angefanya kama wanavyofanya wengi hapa mjini. Kilio kingewekwa kanisani, ghorofa ya nane, na siku ya kuzika mpwa wake aliye Bukavu angeshika simu kaburini ili huku watazame kwenye skrini kubwa ya kanisa. Skrini inayotumia umeme. Siku niliyowaambia wote kwamba umeme hautakuwapo.

Lazima niseme kidogo jinsi sisi tulivyo. Kwetu Kenya mtu akifa, kabla macho hayajakauka kuna kamati. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, watu wa usafiri, watu wa chakula, na kundi la WhatsApp lenye picha ya marehemu. Jioni ya kwanza kabisa mtu mmoja husimama sebuleni, akakohoa, akasema, jamani, tuanze na ajenda. Hatukosi upendo. Ndivyo tunavyoushika msiba usituangushe. Mimi nimekaa kwenye kamati za aina hiyo tangu nikiwa msichana, na nilipokuja kusomea usimamizi wa miradi niliona mwalimu ananirudisha matangani.

Basi Jumapili jioni nilipanda kanisani nikiwa nimeshamaliza kila kitu. Jenereta nilikuwa nimeshaitafuta, ya kelele kidogo, ingekaa kando ya barabara na waya upandishwe kupitia dirishani. Skrini ingewaka. Simu ya kupokea picha ningeileta mimi, ina intaneti ya kutosha. Viti vya ziada ningevikodi. Nilikuwa nimefurahi, haki, nilivyokuwa nimelipanga vile.

Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, vitenge vichwani, na wanaume kwenye viti ukutani. Nilimpa mkono mfiwa, nikasema pole sana mama, nikaketi. Wimbo mmoja ukaimbwa. Ulipokwisha nilikohoa, nikasema nina jambo dogo kuhusu Jumanne, na nikawaeleza yote kwa mpangilio, jenereta, waya, skrini, simu, viti. Nilieleza vizuri. Nilipomaliza nilitazama kote nikingoja swali.

Shangazi mmoja mzee akasema aksanti, kwa sauti ya mtu anayemfungulia mgeni mlango atoke. Rafiki yangu alikuwa akitazama mkeka.

"Yaya," alisema hatimaye, "nani alikuuliza umeme?"

Nikaanza kusema kwamba skrini bila umeme, akaniinulia kiganja.

"Umeme simu inao. Tutaangalia mu simu, tubanane. Miye nilikuwa nangoja uniambie habari ya nyundo." Alielekeza kidole ukutani, pale palipopita lile shimo refu la nyaya kutoka chini ya ardhi mpaka juu. "Batu wako wanatoboa ukuta huu kutwa. Nikiwa mu chumba yangu, kikombe kinacheza mu meza. Kwetu siku ya kuzika, mu nyumba ya kilio hakuna mtu anafanya kazi. Hata jirani anaacha shamba. Mama yangu anaingia mu udongo, na chini ya miguu yangu batu wanapiga nyundo? Sikuomba umeme. Ninaomba mukae kimya mpaka wamufunike."

Uso ulinichoma. Nilikuwa nimelijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, na nilikuwa nimelijibu kwa ufasaha. Nilisema nimesikia. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikavuta kanga yangu vizuri nikakaa mkekani bila kusema neno mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Lakini kukaa kimya si jambo dogo kwenye kazi kama ile. Siku yenyewe ilikuwa imebana. Mazishi yalitarajiwa kabla ya adhuhuri, na nikahesabu kwamba tukisimama kwa muda wa saa moja, mafundi wakila chakula chao kazini badala ya kupumzika, bado tungefika ghorofa ya nane kabla ya mkaguzi. Saa moja ningeweza kuipata. Ilibidi tu nimwombe kila mmoja.

Nilianza Jumatatu na msimamizi wa mafundi, Mzulu wa makamo, mtu wa maneno machache, ambaye siku zote alinipa wasiwasi kwa sababu sikuweza kumsoma. Aliniita mama, nami nilimwita baba, neno ambalo kwao na kwetu ni moja. Nilijiandaa kubishana. Nilikuwa na sababu zangu mpaka ya tano.

Alinisikiliza sababu ya kwanza. "Kwetu jirani akifa hakuna anayelima mpaka azikwe," alisema. "Tutakaa. Lakini mama, saa moja iwe saa moja. Waya unapanda kutoka chini. Muda ukiniishia, wa juu ndio watakaokosa."

Nikamwambia sharp, yaani sawa, kama wasemavyo hapa. Zile sababu nyingine nne nilirudi nazo nyumbani.

Mwenye jengo alikuwa tofauti. Nilimpigia simu, akanisikiliza akitafuna kitu.

"Nakulipa uzime umeme," alisema. "Sikulipi uzime kazi."

"Unanilipa jengo lipite ukaguzi na wapangaji wabaki humo," nilimjibu. "Huyu mama akihama leo, kesho nusu ya jengo wanamfuata. Unataka kabati jipya la umeme kwenye jengo tupu?"

Akatafuna. Kisha akasema mkaguzi asipolipitisha, nisimpigie tena simu, si kwa jengo hili wala jingine. Nikasema sawa. Sikusikia hofu yoyote wakati ule. Nilijua hesabu zangu.

Jumanne tukazima. Jengo lenye watu wengi namna ile likizimwa umeme, ndipo unapogundua lilikuwa likinguruma muda wote. Mashine za kukaushia nywele, majokofu, vipaza sauti, cherehani za umeme, lifti, vyote vikanyamaza pamoja. Wasusi walishuka na viti vyao wakasukia kando ya barabara, wakipiga kelele na wapita njia, wamechangamka kama watoto waliofunga shule. Kule chini ya ardhi mafundi walifanya kazi kwa taa za kichwani. Kabati la zamani likatoka, jipya likaingia, na hata mvivu wao siku ile alijituma. Ghorofa ya kwanza ikaunganishwa, ya pili, ya tatu. Tulikuwa mbele ya ratiba. Nilijisikia vizuri mno.

Saa ya mazishi ilipokaribia, msimamizi alipiga mluzi mara moja. Nyundo zikawekwa chini. Vijana wakakaa kwenye mabomba na masanduku, wakafungua vyakula vyao, wakala bila kuongea. Nilipanda ngazi zote mpaka juu, lifti ikiwa imekufa kama vitu vingine, nikachungulia mlangoni.

Watu walikuwa wamebanana kama alivyosema, wote wameelekea simu moja iliyosimamishwa juu ya Biblia mbili. Mfiwa alikuwa mbele kabisa mkekani. Kwenye simu niliona miavuli na tope. Bukavu mvua ilikuwa inanyesha. Gari lililobeba jeneza lilikuwa limekwama njiani kabla ya makaburi, na wanaume walikuwa wakilisukuma, na mpwa mwenye simu alikuwa akirudia, tunangoja kidogo, tunangoja kidogo.

Nikashuka. Tukangoja kidogo.

Ile saa moja ikaisha. Nikapanda tena, pumzi juu juu. Gari lilikuwa limetoka, lakini sasa padri hajafika. Nikashuka. Vijana walishamaliza kula na walikuwa wakinitazama. Msimamizi hakunitazama, alikuwa akisafisha kucha kwa bisibisi. Nikapanda mara nyingine. Padri amefika, watu wanatoa maneno, na kila mtu anayetoa maneno Bukavu huanzia alipozaliwa marehemu. Ndugu yangu, nilitamani kuinyakua ile simu na kuwaambia wafupishe.

Niliposhuka mara ile nilisimama kwenye ngazi za ghorofa ya nne, peke yangu gizani, nikapiga hesabu upya. Tukianza kazi sasa hivi, tungefika juu. Tukingoja maziko yaishe, tungefika ya sita kwa bahati. Na ya saba ni ya nani? Ya rafiki yangu, na ya nane ni kanisa lake. Wakati ule chumba chake kilikuwa kimejaa nguo za arusi za Desemba, nyingine zikiwa bado hazina mikono. Niliogopa. Nasema wazi, mimi ambaye huwa siogopi mkutano wowote, niliogopa.

Ningeweza kumuuliza. Kila kitabu cha kazi yangu kinasema mwenye kuathirika aulizwe. Lakini ningemuuliza vipi? Nimguse bega wakati mama yake yuko mdomoni mwa kaburi, nimnong'oneze habari za nyaya? Ningekuwa nimemtwisha yeye mzigo ambao nalipwa kuubeba mimi.

Nilishuka mpaka chini.

"Tunaendelea kukaa," nikamwambia msimamizi.

"Juu hatutafika, mama."

"Najua."

"Ya saba na ya nane."

"Najua, baba. Nimeamua."

Alinitazama, kisha akarudi kukaa kwenye sanduku lake. Hakunibishia tena.

Haukupita muda mrefu wimbo ukaanza juu. Lile shimo la nyaya lilikuwa wazi ghorofa zote, na sauti ikashuka nalo mpaka kwetu chini ya ardhi, safi, maneno ya Kiswahili na ya kwao yakiwa yamechanganyika. Mimi sikuujua wimbo ule. Vijana wangu waliujua kwa Kizulu. Mmoja akaanza kuuvuma mdomo umefungwa, wa pili akashika sauti ya chini, na msimamizi akavua kofia yake ngumu akaiweka gotini. Walivuma hivyo mpaka wale wa juu walipomaliza. Nilijua wanamfunika mama wa watu, na nililia kidogo nikiwa nimegeukia ukuta, kwa sababu meneja ni meneja.

Kisha msichana mmoja akashuka akasema wamemaliza, na vijana wakaruka kama waliofunguliwa kamba. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Nilibeba waya mimi mwenyewe. Nilimulika, nilishika ngazi, nilifokewa na kijana anayetosha kuwa mwanangu kwa kusimama pasipo pake, nikahama. Ya nne ikaunganishwa, kisha ya tano. Ya sita ikaunganishwa mkaguzi akiwa ameshaingia mlangoni.

Alikuwa mtu mpole mwenye haraka. Alipima kabati, akalisifu. Alipima ghorofa kwa ghorofa mpaka ya sita. Nilimwomba angoje kidogo. Niliomba kwa kila lugha niliyo nayo. Alisema anasikitika, lakini anapima kilichopo, na nafasi nyingine hana mpaka mwezi ujao. Akazipitisha ghorofa sita na akaamuru za juu, pamoja na lifti, zibaki zimezimwa mpaka atakaporudi. Jengo lilikuwa limepona. Umeme uliporudi nilisikia wasusi wakishangilia mpaka barabarani, na mwenye jengo, nilipompigia, alisema tu, "Kwa hiyo sita kwa nane," kisha akauliza ankara naleta lini. Hapo nikajua mkataba bado ninao.

Ningeweza kwenda nyumbani. Nilipanda ngazi. Hadi ya sita kulikuwa na taa, na baada ya hapo nikapapasa ukuta.

Nilimkuta ameshuka kutoka kilioni, amesimama mlangoni mwa chumba chake, msichana wake mmoja kando. Nguo nyeupe zilikuwa zimening'inia mle ndani, ndizo pekee zilizoonekana.

"Yaya, wa chini wana taa," alisema. "Mbona miye giza?"

Nilimwambia yote, bila kuzunguka. Mvua, gari, padri, hesabu niliyopiga kwenye ngazi, mkaguzi. Kwamba yeye na kanisa hawatakuwa na umeme mpaka mwezi ujao.

"Nani alisema mungoje?"

"Mimi."

"Haukuniuliza."

"Ulikuwa unamzika mama yako."

Nisidanganye, nilitarajia aksanti. Nilikuwa nimeipandia ngazi zote hizo, na haikuja.

"Ungeniuliza," alisema, "ningesema mufanye kazi. Niko na arusi za batu humu, niko na wasichana wa kulisha. Ningesema mupige nyundo. Na kila nikisikia nyundo mu dunia hii, mpaka nife, ningekumbuka."

Nilizitazama zile nguo nyeupe.

Akaingia ndani. Nilisikia akimwambia msichana ateremke kwa wasusi wa ghorofa ya tatu, awaombe pembe moja yenye soketi, awaambie ni yeye anaomba. Kisha akarudi akawasha taa ya simu, akammulika msichana anayeondoka, halafu akaimulika meza yake ya kwanza.

"Miye niko mu kilio, sishiki kazi," alisema. "Wasichana watashona kesho. Wewe ndiye uliamua. Beba."

Kichwa cha cherehani ya kiwandani ni kizito kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakina pa kushika. Nilivua viatu. Nilikikumbatia kifuani, mafuta yakinichafua blauzi, nikaanza kushuka, yeye akinitangulia na kunimulikia ngazi. Alinielekeza njia nzima. Mguu hapa, yaya. Polepole. Kona.

Kabla hatujafika kwenye taa za ghorofa ya sita alisimama. Nilidhani ananisubiri nipumue. Mkono wenye simu ukashuka, mwanga ukamulika miguu yake, na bega lake likaegemea ukuta. Kwa siku zote zile alikuwa ameongoza nyimbo, amepokea wageni, ameuliza kama wamekula, na sikuwa nimemwona akitoa chozi. Sasa alilia kwa sauti, akimwita mama yake, kwenye ngazi, chini kukiwa na kelele za saluni.

Ngazi zilikuwa nyembamba, hapakuwa na pa kuiweka mashine, na mikono yangu yote ilikuwa imejaa, kwa hiyo sikuweza hata kumshika. Mabega yalikuwa yakiniwaka moto. Nikasimama pale na cherehani yake kifuani mpaka alipomaliza.